Mwenye Nyumba Hupiga Mwisho

Treni ilinitoa Kigoma siku ya Jumapili, na hadi inanitua Dar es Salaam nilikuwa nimepoteza hesabu ya siku. Injini ilizimika mara mbili. Mara ya pili tulikaa porini, mbele kidogo ya Tabora, tangu asubuhi hadi jua linapinduka, tukinunua mayai ya kuchemsha kwa akina mama waliotokea sijui wapi. Kutoka Dar nikapanda boti. Nilitapika mayai yale yote kabla hatujaona Unguja.

Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, na huo ulikuwa mji wangu wa saba au wa nane. Mimi ni fundi wa rangi. Mali yangu yote ilikuwa ndani ya sanduku moja la mbao lenye vishikio viwili vya kamba: brashi, misasa, visu vya kukwangulia rangi ya zamani, nguo chache, na daftari. Niliposhuka Malindi miguu ilikuwa bado inayumba. Mchukuzi mmoja wa bandarini, mtu wa makamo, mfupi, mwenye kifua kama pipa, alilinyanyua sanduku langu akaliweka begani.

"Nitabeba mwenyewe, kaka," nikamwambia.

"Mgeni habebi," akajibu, akatangulia.

Alinitafutia chumba hapo hapo Malindi, juu ya duka la kamba na nyavu. Siku ya tatu alirudi na kitu kama mpini wa shoka usio na shoka.

"Mgeni siku mbili," akasema. "Siku ya tatu mpe jembe. Mie jembe sina. Shika hili."

Lilikuwa rungu la besiboli. Nilicheka, naye akadhani namcheka yeye. Kumbe nilikuwa nakumbuka sekondari, ambako mwalimu wetu mmoja wa kujitolea kutoka Japani alitufundisha kemia asubuhi na besiboli jioni. Mimi sikuwa mchezaji wa maana. Nilichoweza ni kukaa pembeni na daftari nikaandika nani kapiga, nani kafika kituo gani, nani katolewa. Nilipomweleza hayo, mchukuzi yule akaniangalia kama mtu aliyeokota shilingi kwenye mchanga.

Kumbe alikuwa na timu. Aliianzisha mwenyewe, na wote walimwita Nahodha. Walikuwemo wachukuzi wenzake, mwalimu wa madrasa, seremala kutoka Nungwi ambaye mikono yake ilikuwa minene kuliko rungu lenyewe, na kijana muuza mikate aliyezunguka mjini kwa baiskeli na kukimbia kuliko baiskeli yake. Tulichezea kiwanja kimoja Bububu, chenye mawe machache na mbuzi wengi. Ligi ilikuwa na timu tano.

Msimu wangu wa kwanza uliisha salama. Wa pili ndio ninaotaka kuusimulia.

Tulishinda michezo mitatu ya mwanzo. Kisha tukashindwa mitano mfululizo. Jambo hili lingekuwa la aibu tu, na aibu ya michezo hupoa, lakini vifaa vyetu vyote vilikuwa vya kuazima: glavu, kofia ngumu, mipira, marungu matatu. Kule shamba, nje ya mji, ilikuwepo timu ya sita iliyokuwa inangoja vifaa, na wasimamizi wa ligi walikuwa wameshasema wazi kwamba timu itakayomaliza ya mwisho itawakabidhi vyake. Bila vifaa hakuna timu. Nahodha alikuwa na miaka hamsini. Alijua kwamba ikivunjika hataanza nyingine.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Jua. Mbuzi. Mrushaji wa timu fulani anaviringisha mpira kwa dawa. Mimi nililifungua daftari langu nikalisoma kuanzia mwanzo, na nilichokiona sikukipenda.

Katika besiboli wapigaji ni tisa, na hupiga kwa zamu iliyopangwa kabla. Aliyepiga hukimbia kituo hadi kituo mpaka arudi alipoanzia, hapo timu yake hupata pointi moja, na anayekuja nyuma yake hana ruhusa ya kumpita. Sasa, ile michezo mitatu tuliyoshinda, Nahodha hakuwepo. Alikuwa Pemba kwenye msiba wa shangazi yake, na sisi tulipiga ovyo ovyo, aliyeshika rungu ndiye huyo. Aliporudi, vijana walimpa nafasi ya kwanza. Hakuna aliyeagiza. Wa pili akawa mwalimu wa madrasa, maana ndiye anayemfuatia kwa umri. Wa tatu mimi. Na hivyo hivyo mpaka muuza mikate, mdogo wetu, akawa wa tisa. Tulikuwa tunapiga kwa mpangilio wa shikamoo. Wazito walitangulia, wepesi wakafuata, na kila kijana alipopiga vizuri alijikuta nyuma ya mkubwa wake kama mtu anayepanda ngazi nyembamba za nyumba za Mji Mkongwe nyuma ya bibi yake. Unafanyaje? Unangoja.

Nilipanga upya. Muuza mikate wa kwanza. Seremala wa nne, ili apige wakati vituo vina watu. Nahodha wa tisa. Hesabu ilikuwa sahihi, na kwa kuwa ilikuwa sahihi nikaisoma kwa sauti kiwanjani, mbele ya wote, kabla ya mchezo.

Nahodha alikuwa akifunga kamba za viatu.

"Hesabu yako hiyo imekosea pahala," akasema, "au mie ndo nilokosea?"

"Haijakosea, Nahodha."

Akafungua kamba alizokuwa amezifunga. "Basi mie leo n'na kazi bandarini."

Akaondoka taratibu, akasalimiana hata na muuza madafu. Muuza mikate alisimama na rungu mbele ya mrushaji, akaiacha mipira mitatu ipite bila kuinua mkono, akatolewa. Nilipomuuliza, alijibu akitazama chini: "Mimi nipige kabla ya mzee, kama nani?" Tulishindwa mchezo wa sita, vibaya kuliko yote iliyotangulia. Seremala alinipita wakati wa kukusanya glavu.

"Yakhe, wewe umekuja kupaka rangi ama kubandua?"

Nilifikiria kuondoka, hiyo ndiyo dawa yangu ya siku zote, na boti zilikuwa hatua mia mbili kutoka dirishani kwangu. Seremala ndiye aliyenizuia. Alisema mtu haendi kuomba radhi peke yake, huenda na mtu, na mtu huyo atakuwa yeye, ila nisifungue mdomo mpaka tule.

Jumapili mchana tukaenda Bububu kwa Nahodha. Alitupokea kana kwamba hakuna kilichotokea. Yeye mwenyewe alileta birika na beseni, akatumiminia maji mikononi, mimi kwanza. Mkewe akaleta sinia la wali wa nazi na mchuzi wa changu, akarudi zake mlangoni mwa jiko. Sisi tukaanza kula. Nahodha alikaa pembeni ya mkeka akitusogezea vipande vya samaki.

"Nahodha, mbona huli?" nikauliza. Seremala alinikanyaga kidole.

"Ntakula. Kwani nyie mshashiba?"

"Tule wote."

"Kwenu mwenye nyumba hutangulia kumega?"

"Kwao bara," seremala akasema, "mwenye nyumba hula, mgeni huonyeshwa ukoko."

Tulicheka, hata Nahodha. Ndipo mkewe akasema kutoka mlangoni, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya tungule sokoni:

"Na huko kiwanjani, nani mwenye nyumba?"

"Mimi," akasema Nahodha. "Timu si nliianzisha mimi?"

"Basi mbona huko unatangulia kumega?"

Seremala aliangalia dari. Mimi niliangalia wali. Nahodha alichukua bakuli la mchuzi akaniongezea, ingawa mbele yangu ulikuwa umejaa.

"Kula," akasema. "Samaki anapoa."

Radhi yangu niliiomba baadaye, tulipokuwa tunavaa viatu, na aliipokea kwa kunipiga bega. Kuhusu mpangilio hakusema neno.

Mchezo wa mwisho ulikuwa dhidi ya timu iliyokuwa nasi mkiani. Atakayeshindwa ndiye atakayekabidhi vifaa. Nahodha alifika wa kwanza kiwanjani, akawafukuza mbuzi, kisha akaniomba daftari. Akausoma mpangilio wangu ule ule, mtu mmoja mmoja, bila kubadilisha hata nafasi moja. Alipofika mwisho akalifunga.

"Wa tisa mimi. Nyie nyote leo wageni wangu. Karibuni. Msinitie aibu."

"Shikamoo, Nahodha," akasema muuza mikate, akisitasita.

"Marahaba. Kapige."

Akapiga. Wote walipiga. Sijui niseme nini zaidi. Walipiga kama watu walioruhusiwa. Seremala alipeleka mpira mmoja mpaka kwenye minazi, na mpita njia mmoja wa baiskeli akaurudisha. Lakini wenzetu nao hawakuwa wamekuja kutalii, na tulipofika zamu yetu ya mwisho tulikuwa sawasawa kwa pointi, watu wetu wawili wameshatolewa, wa tatu akitolewa zamu imekwisha, na anayeingia ni Nahodha. Mrushaji akamtupia mipira minne mibovu, na kwa sheria akapewa kituo cha kwanza bila kupiga.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Zamu ni mduara. Anayefuata baada ya wa tisa ni wa kwanza. Kwa hesabu zangu zote, nilikuwa nimemweka tena mtu mzito kuliko wote mbele ya mtu mwepesi kuliko wote.

Muuza mikate aliupiga mpira wa kwanza, ukapita katikati ya walinzi wawili na kuendelea kubingirika. Nahodha alikuwa ameshaondoka. Alipofika kituo cha pili kijana alikuwa nyuma yake kwa hatua kumi. Walipokaribia cha tatu, hatua tatu. Siku zote, akimkaribia mkubwa hivyo, kijana alikuwa akipunguza mbio. Nilifumba macho. Nikasikia:

"Kimbia! Nahodha, kimbia, ntakukanyaga, wallahi!"

Nilipofumbua, muuza mikate alikuwa karibu ashike shati la mzee wake, na Nahodha, bila kugeuka, akajibu kwa pumzi iliyobaki: "Nkanyage basi!" Akakipita cha tatu. Alikwenda mwendo ambao nina hakika hajaenda tangu ujana wake, akajitupa kifudifudi kwenye kituo cha mwisho, na mpira ulifika akiwa keshakilalia. Tukawa tumeshinda kwa pointi hiyo moja.

Kijana alimwendea amejaa haya, akamwamkia mara mbili. Nahodha alikuwa anachunguza kiwiko kilichochubuka.

"Mgeni wangu una kelele," akamwambia. Basi.

Vifaa vilibaki. Nahodha alibaki wa tisa misimu yote niliyokuwepo, na ikawa desturi kwamba yeyote anayepiga baada yake humfukuza kwa matusi madogo madogo, naye hukimbia. Nimepita miji mingi. Mingi ilinilipa kwa kazi yangu na kunisahau, nami nikaisahau. Hapo, nilipokosea, nilipikiwa wali. Naushukuru mlango ule wa jiko la Bububu kuliko ninavyoweza kuandika.

Nilikaa miaka mitano, kwangu ni umri mzima. Kisha mama yangu akapoteza macho. Kwenye simu hakuniuliza nitarudi lini Unguja; aliniuliza tu nitafika lini kwake, nikajua hii si safari ya kurudi. Daftari nikamwachia muuza mikate.

Asubuhi ya kuondoka, Nahodha alinijia chumbani, na kama siku ile ya kwanza akainama achukue sanduku langu. Nikamwahi, nikashika kishikio.

"Nitabeba mwenyewe," nikasema. "Miaka mitano, Nahodha. Mimi bado mgeni?"

Akashika kishikio cha pili.

"Haya," akasema. "Nyanyua upande wako."

Tukashuka ngazi, mmoja huku na mmoja huku, mpaka Malindi bandarini, na njia nzima hakuna aliyetangulia.