Samaki wa Wakwe kwenye Barafu ya Biira

Nilimharibia mdogo wangu kazi, kisha nikamwacha aamini kaiharibu mwenyewe. Nimejikasirikia mpaka nimechoka, ndiyo maana nakuambia wewe.

Mdogo wangu huyo, Biira, ni msomi. Kule Katwe, kwenye ziwa la chumvi, alichota matope yenye vijidudu vinavyojipatia nguvu kutoka kwenye mwanga wa jua. Alikamua kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, kisha kwenye maabara ya Kasese akakibandika juu ya chembe za kaboni alizotengeneza mwenyewe, ndogo kuliko vumbi la unga, ili zitoe umeme.

Mimi nina pikipiki. Kazi yangu ilikuwa kupeleka vichupa vya kimeng'enya hicho Kasese ndani ya kasha la barafu, basi.

"Kaka, hii kitu ikipata joto inakufa," alinionya kila safari. "Usifungue hii boksi."

Mimi na akili zangu! Wakwe zangu wako Bwera, na mama mkwe alishasema mbele ya watu kwamba namletea samaki waliooza. Sasa barafu hii hapa, samaki wa soko la Katwe hawa hapa. Nikifika njia panda ya Kikorongo, badala ya kushika njia ya Kasese nakata kwenda Bwera, samaki wamelala kwenye barafu, vichupa viko mfukoni mwa jaketi vinapikwa na jua. Nikishawapa wakwe samaki wao, navirudisha ndani ya kasha, naenda Kasese.

Safari nne. Mara zote nne Biira alipima, umeme hakuna.

"Barafu ilikaa?"

"Ilikaa vizuri."

Akaanza kuilaumu kaboni yake. Mwishowe akaimwaga yote, kazi ya mwaka mzima, na nafasi yake maabarani akapewa mwingine. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni. Neno langu moja lingemzuia, na sikulisema.

Siku ya kuhamisha vitu vyake aliosha lile kasha. Akabandua gamba la samaki kwenye kona kwa ukucha, akaninyooshea.

"Hii iko nini, kaka?"

Nikalipokea, nikalitia mfukoni mwa jaketi.

"Si ungeniambia tu? Ningekutafutia boksi ingine ya samaki yako."

Sasa anafundisha watoto huko huko Bwera. Tukikutana sokoni ananisalimia kwa adabu kama mgeni. Mama mkwe bado ananisifu, na kila akinisifu natamani kumrushia samaki wake usoni.

Wewe unayesoma, ukipewa mzigo wa mtu, ufikishe ulivyopewa, hata kama huuelewi. Na ukikosea, sema siku ileile, uonekane mjinga yaishe. Mimi niliogopa kuonekana mjinga, na leo mdogo wangu hanitumi hata dukani.