Lundo la Mke Mwenzangu

Tuliokuwa uani siku ile ni hawa: mimi, binti mkubwa wa mke mwenzangu, aliyetoka Ruangwa kuja kumuuguza mama yake, wifi yetu, yaani dada wa marehemu mume wetu, na mtani wetu, mama mmoja wa Lionja. Majina yao yote ninayo, ila siyaandiki. Mke mwenzangu tulimzika jana yake.

Bustani ilikuwa yake. Mimi mkono wangu ni wa muhogo na ufuta tu. Yeye alipanda mawaridi, na mkomamanga mmoja nyuma ya jiko ambao haukuwahi kuzaa. Kabla ya kuzidiwa alilundika mboji: maganda ya ndizi, mabibo yaliyooza, samadi ya mbuzi, majani. Alipokuwa kitandani, bintiye yuko pembeni na wifi anaingia na kutoka, alinishika mkono. "Bi mkubwa, lile lundo usiliguse mpaka mvua. Halafu lipeleke kwenye mkomamanga." Nikamwambia nitafanya.

Basi wifi akasema uani kuchafu, na watu wa hitima wanakuja. Tukafagia. Mtani naye akashika fagio, anamwigiza mke mwenzangu, kiuno kimepinda, ananusa mboji: "Mmh! Uturi huu!" Tukacheka. Mara akachukua kijinga cha moto jikoni, akakichomeka kwenye lundo.

"Mwenzenu alikuwa anafuga takataka! Toeni kuku nizime!"

"Hatutoi!" wifi akamjibu. "Choma na nguo zako!"

Binti anacheka, machozi yanamtoka. Mimi nasema, "Zima, mtani, zima," nao wanadhani nacheza. Mtani hakasirikiwi, ndivyo tulivyokuta. Nikavua kanga ya begani nikamtupia iwe badala ya kuku. Ndipo akamwaga maji.

Kilikuwa kiangazi, lundo kavu. Chini nilikuta mboji ya karai moja tu haijaungua. Mvua ilipoanza nikaipeleka kwenye mkomamanga. Ukatoa maua mekundu, mengi, hata majirani niliwaita. Yakapukutika yote. Mwaka uliofuata, vilevile. Mawaridi nayo yamekauka.

Juzi binti ananiambia kwenye simu, "Mama mkubwa, mama hakusema mkomamanga. Alisema mawaridi."

Nimekaa nalo hilo. Mimi nasikia mkomamanga mpaka leo, kwa sauti yake kabisa. Wifi nimemuuliza, hakumbuki. Kama yupo mwingine aliyepita chumbani siku ile akasikia, anisahihishe, nami nitakubali.