Gurudumu na Makumbi ya Bi Mize

Makumbi ya nazi yaliyofukuliwa pwani yana harufu ambayo mgeni hudhani ni ya mzoga. Hukaa chini ya mchanga miezi kadhaa ili nyuzi zake zilainike zipate kusokotwa kamba, maji yakijaa na kupwa juu yake, na siku yanapotolewa mji mzima hujua. Mimi harufu ile hainichukizi. Nikiisikia, na siku hizi naisikia kwa nadra, inanijia pamoja na harufu ya petroli, kwa sababu harufu hizo mbili nilizizoea kwa pamoja, Paje, mwezi mmoja wa Shaabani katika miaka ya hamsini. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, nikijifunza kuinua gurudumu la mbele la pikipiki. Najua mwanamke wa umri wangu akisema maneno hayo watu hutazamana. Watazamane tu.

Mama yangu, nyumbani kwetu Mji Mkongwe, alikuwa keshaamua kwamba ikifika Mfunguo Mosi, baada ya Ramadhani, nitavaa buibui. Kitambaa kilikwisha nunuliwa na fundi alikwisha nipima. Nilikuwa sijavunja ungo, lakini nilikuwa nimerefuka, na kwa mama urefu ulitosha. Baada ya hapo hapatakuwa tena na kukimbia vichochoroni, wala kutumwa dukani, wala kusimama njiani kutazama mambo. Hakuna aliyenigombeza; niliambiwa kama mtu anavyoambiwa kuwa masika yanakuja. Kwa kunipoza, mama alinipeleka kwa bibi yangu Paje, nikae mpaka siku ya kuvunja jungu, ile karamu ya mwisho watu wanayokula mchana kabla ya mwezi mtukufu kuandama. Aliyenipeleka alikuwa mdogo wake mama, Mjomba Haji, fundi wa baiskeli na pikipiki kule Ng'ambo. Yeye sikukuu iliyopita nilimwona Mnazi Mmoja akipita mbele ya watoto na gurudumu la mbele hewani, ametulia kama mtu aliyekaa kibarazani. Tangu siku ile nilikitaka kile kitu. Sikuitaka pikipiki yenyewe, wala sikuwa na pa kwenda nayo. Nililitaka lile gurudumu. Basi njiani, nikiwa nyuma yake katikati ya vikapu, nilimpigia kelele sikioni anifundishe. Alicheka mpaka tulipoipita misitu ya Jozani.

"Mwanamwari mzima, Mfunguo Mosi unavaa buibui!" alisema.

"Ndo maana nnataka sasa, Mjomba."

Kesho yake alasiri, maji yalipokupwa na mchanga ukawa mgumu, alinikuta nimekwisha vaa suruali yake kuukuu chini ya gauni, akaniita. Mjomba alikuwa mtu wa mzaha katika kila jambo isipokuwa vyombo vya moto. Hakunifundisha kuinua. Alinifundisha kushuka. Alasiri baada ya alasiri nilikwenda gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea, mguu wangu juu ya breki ya nyuma, na kila akipiga kofi niikanyage. Alisema kuinua hata punda anainua; pua ikipanda mno, breki ya nyuma ndiyo inayoirudisha chini, na mguu ukiwa mbali nayo utaangukia kisogo. Mpanda ngazi hushuka, akanikumbusha, ila kuna wanaoshuka kwa miguu na wanaoshuka kwa kichwa. Mgongoni alinifunga gunia alilolijaza usumba, zile nyuzi za makumbi zinazotiwa kwenye magodoro, na kichwani kilemba kilichotiwa usumba huo huo, hata watoto wa Paje wakaniita godoro. Alikimbia nyuma yangu ameshika kiti. Nilipoweza kusimama bila ya kuwaza, ndipo aliponiruhusu kufungua mafuta kidogo na kuachia klachi kwa ghafla. Gurudumu lilishtuka tu, likakaa pale pale. Siku zilikwenda, na lilikuwa bado linashtuka tu. Mwezi ulikuwa unapungua na mimi nikihesabu.

Hapo ndipo Mjomba alipopotewa na akili. Alizaliwa Paje lakini alikulia mjini, na mtu wa namna hiyo huikumbuka pwani kwa macho ya mtoto: huyakumbuka maji, haikumbuki kazi. Aliona kwamba ninaogopa kuanguka, akatafuta mahali penye mchanga laini ili hofu initoke. Akapapata, tena papana, karibu na mawe yaliyopangwa, na mchanga wake unabonyea vizuri. Hakujiuliza kwa nini mchanga wa pale uwe laini na wa kwingine kote uwe mgumu. Kila mwanamke wa Paje angemjibu: ni kwa sababu chini yake kuna makumbi ya mtu. Nilikwenda kwa mwendo wangu wa siku zote, nikaachia klachi, na gurudumu la nyuma likachimba kwenda chini badala ya kunipeleka mbele. Pikipiki ililala ubavu, mimi na godoro langu tukaenda upande mwingine, na makumbi meusi yakarushwa juu yakatuangukia sote. Sikuumia. Nilipofungua macho, Bi Mize, jirani yake bibi, alikuwa amesimama mbele yangu na fimbo ya kupigia makumbi mkononi. Nilikuwa nimelala kifudifudi, mdomo umejaa mchanga, lakini nilikuwa mtoto niliyefunzwa adabu.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba," alijibu, maana salamu haikataliwi, kisha ndipo akaanza. "We Haji! Bichwa lote hilo limejaa moshi? Makumbi yangu hayajaiva, na maji hayo yanakuja!"

Kweli yalikuwa yanakuja. Kwenye makumbi yale mlikuwa na kamba za Bi Mize, na kwenye kamba mlikuwa na nguo za sikukuu za wanawe, na bahari ikiwahi itayatawanya yote. Bibi yangu alikuja, wakaja na wengine. Mjomba alitupa viatu, na sote tukafukia kwa mikono, tukirudisha mawe juu, maji yakiwa tayari yanatulamba magoti. Tuliyaokoa mengi, hatukuyaokoa yote. Bi Mize hakwenda kwa sheha wala hakumwandikia mama yangu. Alisema tu kwamba mpaka siku ya kuvunja jungu mimi ni wake. Pikipiki iliegemezwa nyuma ya nyumba ya bibi, kuku wakaifanya kituo chao.

Basi nilipiga makumbi. Nilikaa mchangani na wanawake, gogo mbele yangu, nikiyaponda mpaka nyuzi zikaachana, nikazikung'uta, nikazianika. Harufu iliniingia kwenye nywele na chini ya kucha. Niliumia moyo, nasema kweli. Viganja vilipona upesi, ila kila jua likichwa nilijua kwamba siku nyingine imekwenda na gurudumu liko chini, na kwamba mimi sitapata Shaabani nyingine kama hii. Sikumwambia mtu. Wanawake walizungumza mambo yao juu ya kichwa changu, na siku moja Bi Mize akaniuliza, bila ya kunitazama, kile chombo kikiinuka kinapata nini. Nilifikiri, nikasema hakipati kitu. "Na we?" Nikasema sijui, sijawahi kukiinua. Aliendelea kupiga makumbi yake, na mimi nikaendelea na yangu.

Asubuhi ya kuvunja jungu, bibi akiwa jikoni na kuku wake, nilikwenda pwani kumuaga Bi Mize. Nilimkuta anatembea mchangani pamoja na wenzake, wakichomeka vijiti vya makuti katika mistari miwili, kutoka karibu na minazi mpaka mbali. Mjomba alisimama kando na pikipiki iliyopanguswa mavi ya kuku, ameinamisha kichwa kama mtoto wa chuo cha Kurani. Bi Mize alinyoosha fimbo yake katikati ya vijiti.

"Pita hapo. Hapana shimo la mtu hapo."

Nilifungwa gunia langu. Nilikwenda gia ya kwanza, mguu kwenye breki, nikainama kidogo, nikafungua mafuta, nikaachia. Gurudumu liliondoka. Nililiona likizunguka peke yake mbele ya uso wangu, likidondosha mchanga, na nyuma yake hapakuwa na kitu ila mbingu. Nilifurahi kwa namna ambayo sijapata kufurahi tena, na nimeolewa, na nimezaa. Kisha pua ikaanza kuzidi kupanda, nikakanyaga breki, likashuka taratibu, nikasimama ndani ya vijiti.

"Ndo hivyo tu?" aliuliza Bi Mize. Wakacheka wote, nami nikacheka nao, kisha wakainama kwenye makumbi yao. Jioni yake nilikuwa mjini. Sikukuu ilipofika nilivaa buibui jipya, na mama akalalamika kwamba linanuka Paje. Sikupanda tena pikipiki.

Mjomba na Bi Mize ni marehemu sasa, Mungu awarehemu. Pale pwani pana hoteli, na wageni wanarushwa juu ya maji na matiara makubwa yanayovutwa na upepo. Sijui kama chini ya viti vyao kuna makumbi aliyoyasahau mtu. Mjukuu wangu Salma, ninayekaa naye Ng'ambo, ana vespa yake. Kila asubuhi huvaa buibui, juu yake helmeti, akaenda kazini, na hakuna anayegeuza shingo. Juzi nilimsimulia habari hii yote wakati akifunga helmeti, kisha nikamuuliza kama yeye keshawahi kuliinua gurudumu la mbele.

"Nliinue la nini, Bibi?" alisema kwa mshangao wa kweli. "Mie nnakwenda kazini."

Nilisimama mlangoni nikamtazama mpaka akakata kona, magurudumu yote mawili yako chini, na njia yote mbele yake haina kijiti hata kimoja.