Utando Ulioyeyuka Mara Mbili

Solvej Tvede, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu pale chuo kikuu cha Odense, alikuwa mtu wa kujilaumu hata mvua ikinyesha. Kazi yake ilikuwa kutandaza utando wa mafuta wenye tabaka mbili, kama ule unaofunika seli za miili yetu, ndani ya maji, juu ya kipande cha ulanga, jiwe linalobanduka kwa matabaka membamba. Kisha aliupasha joto taratibu chini ya darubini ya sindano, inayopapasa kitu kwa ncha badala ya kukitazama, aone unapoacha ugumu na kulegea. Vitabu vilisema utayeyuka mara moja. Wake uliyeyuka, ukatulia, ukayeyuka tena.

Troels, msimamizi wake, alimwambia aoshe vyombo. Akaosha, akabandua ulanga mpya, lakini wapi. Mwishowe akaamini kazi yake yote ilikuwa chafu na shahada imeota mbawa.

Maabara ile ilikuwa na desturi isiyokwepeka: ukiboronga, unaoka keki na kulitaja kosa lako mbele ya wenzio. Ijumaa Solvej akaleta keki ya tufaha, akasema ameharibu kila kitu na anaacha masomo. Wenzake wakampa pole, wakasifu mdalasini, wakala. Ndivyo walivyo, huruma yao haizuii mdomo kutafuna.

Troels hakugusa sahani.

"Umechafua kwa kitu gani?"

"Sijui."

"Basi hujataja kosa bado. Twende ukanionyeshe."

Utando ulilegea mara mbili kama kawaida yake. Troels akamwambia aupoze, ukaganda kwa hatua mbili. Wakaupasha tena, yakawa yaleyale. Troels akacheka kidogo.

"Uchafu hauna nidhamu hii, Solvej. Tabaka la juu liko huru majini, linayeyuka mapema. La chini limeshikwa na jiwe, linachelewa. Hujaharibu kitu, mama. Umeona jambo."

Solvej alilia, wala hakuona haya.

Waliporudi kwa wenzao, mmoja wao akatania kwamba basi wamekula keki isiyo na kosa. Troels akasema kosa lipo na ni lake, maana alimtuma mtu kuosha vyombo badala ya kwenda kutazama.

Solvej akamkatia kipande kikubwa. "Ahsante kwa kuniuliza," alisema. "Asubuhi nilisharudisha ufunguo wa maabara."

Troels akatoa wake mfukoni, akamwekea kando ya sahani.