Waliomo Kibuyuni

Sogea karibu na moto, mwanangu, baridi ya Njombe haina adabu. Ipo asubuhi moja naikumbuka mpaka leo: nimeinama jikoni, sikio nimelitega kwenye mdomo wa kibuyu, nasikiliza togwa, uji wetu wa kuchachuka, ikinong'ona.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Kaka yangu Anania alikuwa amerudi kutoka mashamba ya mkonge, huko Tanga. Tulimpokea Makambako. Aliposhuka kwenye lori nilimrukia shingoni, naye hakucheka. Kaka yule, aliyetuvunja mbavu hata kanisani! Kule alikula sembe na chai ya rangi, kesho sembe na chai ya rangi, kisha tumbo la kuendesha likamshika karibu afe, akanywa dawa kali hadi likafunga. Mwili ukapona. Lakini nyumbani alikaa uso ukutani, na ukimwuliza jambo alisahau katikati ya jibu. Hospitali ya misheni walimpima, hawakuona homa wala minyoo. Majirani wakasema karogwa. Mama alilia kwa siri, akiogopa kwamba mwanawe amerudi mwili tu.

Bibi, mama yake baba, hakubishana na mtu. "Kwanza ale cha kwao," alisema. Basi ikawa ugali wa ulezi, maharage, mnavu, majani ya maboga, na togwa kila asubuhi. Akimmiminia alisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kaka alikunywa kimya, kama mtu anayetii amri.

Mimi shuleni nilifundishwa kwamba chombo kichafu huleta maradhi. Nami nikaona bibi hakisuuzi kile kibuyu kamwe; machicha ya togwa ya jana huyaacha chini, kisha humwagia uji mpya wenye kimea juu yake. Lo! Nikachemsha maji nikioshe, nimsaidie kaka. Bibi akanidaka mkono.

"We mtoto! Unataka kuwaua?"

"Kina nani, bibi?"

"Waliomo."

Nikachungulia. Sikuona mtu. Bibi akacheka mpaka akakaa chini. "Huwaoni hao. Hata mimi siwajui majina, kazi yao ndiyo naijua. Wakifa, uji wangu utabaki uji tu. Na tumbo la kaka yako, mjukuu wangu, ni kibuyu kilichosuuzwa."

Ndipo nikatega sikio. Ssss. Ni nani hao? Wanakula nini? Na tumbo la mtu linahusiana vipi na huzuni yake? Niliuliza mpaka bibi akachoka, akanifukuza nikakoroge uji.

Haba na haba hujaza kibaba. Mahindi yaliyokuwa magotini siku ya Makambako sasa yalikuwa yametoa mbelewele. Asubuhi moja kaka akaonja togwa, akakunja uso. "Bibi, hii ya leo imechacha mno! Unataka kuniua?"

Bibi akaangusha upawa, akapiga vigelegele. Mama akaja mbio kutoka bustanini, jembe mkononi. "Analalamika! Mwanangu analalamika!" Kaka akatutazama mmoja mmoja, kisha akaangua kicheko, kile cha zamani. Nililia kwa furaha, sikuona haya.

Juzi nilimsimulia mjukuu wangu aliye nesi. Akaniambia tumboni mwetu wanaishi bakteria wengi mno, wanakula mabaki ya mboga na nafaka zetu, na wanapelekeana habari na ubongo. "Ila wataalamu bado wanachunguza, bibi," akasema. Nami nachunguza pamoja nao, kwa uzee huu! Sisemi togwa peke yake ilimponya Anania. Huenda ni sauti ya mama, huenda ni kulala nyumbani. Sijui, na kutojua huku kunanifurahisha.

Ninachokijua nakupa, mwanangu. Akili ikikulemea, nenda hospitali, usione aibu. Lakini usile kama mtu aliye peke yake. Tumboni unao wapangaji, nao wanataka ulezi, maharage na majani, hawataki sukari tupu. Mwacha asili ni mtumwa. Na ukimwona nduguyo amenyamaza, mwekee kikombe leo, na kesho mwekee tena.

Mungu akupe tumbo lenye amani na kicheko kisichokauka. Haya, pokea togwa yako. Ukiona imechacha, lalamika, nikusikie.