Mlango wa Mke Mwenza

Kila Jumamosi mchana fundi cherehani alifunika mashine yake, akavua tepu shingoni, akaingia kwenye banda la nyuma ya nyumba kuhangaika na maiti. Ndivyo walivyosema majirani, na majirani hawakosi la kusema. Maiti mwenyewe alikuwa gari la marehemu baba yake, lenye umri sawa na fundi huyo, miaka arobaini na mmoja, limekaa juu ya matofali, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma.

Mama yake alilibandika jina zamani: mke mwenza. "Nilipoolewa nilidhani niko peke yangu," alizoea kuwaambia wageni, "kumbe mwenzangu yuko bandani, anapakwa mafuta kila wiki!" Baba alicheka mpaka akakohoa. Kisha baba akafariki, macho ya mama yaliyokuwa yameanza kuingia ukungu yakapofuka kabisa, na tangu hapo mama hakuvuka geti. Ukamwitia teksi, hataki. Mjomba akaleta gari lake, hataki. "Niende wapi, nikaone nini?" Miaka miwili anakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni pa jikoni, kila siku anazidi kusinyaa, na binti yake, fundi cherehani, anamwangalia moyo ukimuuma. Akajiapia kwamba mama atatoka, tena atatoka na gari lile lile.

Basi kazi ikaanza. Makenika wa mtaa wa pili, rafiki wa baba, alishika injini. Mengine alishika mwenyewe. Alipiga msasa mpaka alama za vidole vyake zikafutika. Akaziba matundu ya kutu kwa puti, akapiga msasa tena. Viti alivishona upya kwa ngozi ya kahawia, mishono miwili miwili, maana hapo tena usimfundishe mtu kazi yake.

Lakini nusu ya Jumamosi zile, tuseme ukweli, alikuwa anaota. Jua la alasiri lilipenya kwenye matundu ya mabati, vumbi la msasa likaelea taratibu, naye akakaa nyuma ya usukani wa gari lisilo na magurudumu na kuondoka zake. Ukuta wa banda ulimpisha. Barabara ilikuja yenyewe, ndefu, nyeupe, haina mtu. Mama alikuwa pembeni yake, kijana, kitambaa cha kichwa kinapepea dirishani. Baba amesinzia kiti cha nyuma, na kuku wake. Hakuna aliyeuliza wanakwenda wapi. Akishtuka, msasa uko mkononi na matofali yako pale pale.

Ilichukua miezi minane. Injini ya zamani ilikataa katakata kufufuka, wakaweka nyingine ya gari jipya zaidi. Wakaweka breki mpya, mikanda, taa za kisasa. Na mlango wa abiria, uliokuwa umeshuka tangu enzi na enzi, fundi cherehani aliufungia bawaba mpya akaunyoosha mwenyewe, hata ukawa unafungwa kwa kidole kimoja. Alijivunia mlango ule kuliko rangi, kuliko viti.

Jumapili asubuhi akamshika mama mkono. Kwa kuwa lilikuwa gari la mumewe, mama alikubali angalau kulikalia. Akakaa. Akapapasa kiti, akapapasa dashibodi. Kisha mkono wake ukashika mlango, ukaunyanyua juu, ndipo ukauvuta. Mlango ukaingia kimya kimya, laini. Injini ikawaka, nayo haikusikika sana.

"Gari la nani hili?" mama akauliza.

"La baba, mama. Si ndilo hili?"

"La baba yako silijui mimi? Hili ni la watu." Mkono ukatafuta kitasa. "Nishushe, mwanangu."

Loo! Binti alirudi bandani akalia kama mtoto. Makenika alisimama akikuna kichwa. "Limetoka jipya kabisa," alisema. "Sasa anataka nini tena?"

Binti alifuta machozi. Bado alikuwa anauona mkono wa mama. Mbona aliunyanyua mlango? Mara akamsikia baba, kama yuko pale pale, akisema maneno aliyoyasema kila safari kwa zaidi ya miaka thelathini: "Mnyanyue kwanza, mke wangu, mwenzio ana maringo." Jamani! Miezi minane yote alikuwa anamnyoosha baba, na sasa amemnyoosha mpaka amemtoa garini.

Akachukua spana, akapiga magoti, akaanza kulegeza nati za bawaba.

"We binti, una wazimu? Kwa jasho lote lile?"

"Nishikie hapa, mzee. Mlango ushuke kidogo. Bado. Hapo hapo."

Mama alihitaji kubembelezwa mpaka saa kumi. "Mara moja tu, mama. Ukikataa tena, naliuza." Mama akasonya, akainuka, akaingia. Akauvuta mlango, ukagoma. Binti, mikono kwenye usukani, akasema: "Mnyanyue kwanza. Mwenzio ana maringo."

Mama akaigeukia sauti. Kisha akaunyanyua kwa mikono miwili na kuubamiza, kishindo kikawarusha kuku uani.

"Mshenzi wewe," akaliambia gari, huku machozi yanamtiririka na anacheka. "Mume kafa, macho yameniisha, wewe maringo hujaacha!" Akakaa hivyo kitambo, kiganja kimebaki juu ya mlango, anaupapasa. Kisha akashusha kioo na kujifunga kitambaa vizuri.

Makenika akafungua geti. Njia ilikuwa nyeupe kwa jua la jioni, haina mtu.

"Twende wapi, mama?"

"Wewe endesha," mama akasema. "Tukifika nitakuonyesha."