Magazeti ya Katuni ya Baba Mdogo Shija

Ipo siku moja ya likizo ya Krismasi ambayo haijanitoka, mwanangu, na jana umeiamsha ulipotoka chumbani na lile gazeti la katuni mkononi, umekunja uso, ukaniuliza, "Mama, nani ameharibu hili?" Sikukujibu. Nilikuwa napepeta mchele, na jibu lenyewe ni refu. Leo sipepeti kitu. Vuta kigoda ukae.

Nimekuwa nikikutazama tangu uje likizo hapa Buswelu. Unayatafuta magazeti ya zamani kwa wauza vitabu chakavu mpaka uchochoroni, unayapata, unafurahi, halafu kila moja unalivisha mfuko wake wa plastiki. Wadogo zako wakisogea kuchungulia, unapiga kelele, "Mikono! Mikono!" Zilipendwa nazo unazisikiliza kwa hedifoni, unatikisa kichwa peke yako, sisi wengine tunaona kichwa tu. Sikulaumu kwa kupenda vya zamani. Mimi mwenyewe nikiona suruali ya bugaluu pichani, ile pana chini inayofagia njia, moyo unanicheza. Ila juzi Bi Mkubwa wa nyumba ya pili alipokuambia yule jamaa wa kwenye katuni ni mpelelezi, ukamkatiza mbele ya watu, "Hapana, mama, si mpelelezi, soma vizuri." Uliona alivyojifunga khanga akaaga? Hukuona. Ulikuwa unatazama gazeti.

Mimi niliona, kwa sababu niliwahi kuwa wewe.

Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni, na Kiswahili nilikuwa nakipata vizuri mpaka mwalimu ananisimamisha niwasomee wenzangu. Basi nikajiona. Likizo ya Desemba ikifika, Baba alikuwa anatukusanya kutoka mjini, tunapanda kivuko mpaka Kamanga, halafu tunatembea na mizigo yetu ufukweni hadi nyumbani kwa Bibi, mama yake. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kila kitu kilikuwa kinaingia nchini: mitumba, redio kaseti, na pale karibu na gati jamaa mmoja alikuwa na kibanda cha video chenye jenereta, linanguruma kutwa nzima. Na hapohapo mashirika yalikuwa yanafungwa, watu wanapunguzwa kazi. Vyote viwili vilikuja pamoja, mwanangu, usikubali mtu akusimulie kimoja tu.

Kilichonivuta mimi kwa Bibi hakikuwa video. Lilikuwa sanduku la bati la Baba Mdogo Shija. Huyo ndiye kitindamimba wa Bibi. Ujana wake aliufanyia kazi Dar es Salaam, na kila alipokuja Krismasi alileta magazeti ya katuni, na santuri, na vituko. Alivaa bugaluu na raizoni, vile viatu vya soli nene, akashuka navyo kwenye kivuko vikazama mchangani, kijiji kizima kikacheka. Magazeti akimaliza kuyasoma alimwachia mama yake. Basi Bibi aliyaweka kwenye sanduku, na sanduku lilifunguliwa wakati wa Krismasi tu.

Lakini mwaka ninaokusimulia, Baba Mdogo Shija hakuwepo. Krismasi ya nyuma yake hakuwepo pia, na nyingine kabla ya hiyo. Shirika lake lilikuwa limefungwa, na tangu siku hiyo hakukuja, wala salamu. Tulisikia kwa watu kwamba yu hai, anahangaika hukohuko. Bibi hakumtaja. Hata ukimtaja wewe, alikuwa anainuka kwenda kuangalia kuku.

Sanduku, hata hivyo, alilifungua.

Sasa Bibi hakujua kusoma. Alihudhuria elimu ya watu wazima mpaka akaweza kuandika jina lake, akasema hilo linamtosha, hana mpango wa kuandika la mtu mwingine. Katuni alikuwa anazisoma kwa picha. Mchana, chakula kikishaliwa na jua likiwa kali, alikaa barazani kwenye ngozi ya ng'ombe, miguu ameinyoosha, gazeti mapajani, na watoto wote wamemlalia mabegani. Watoto pacha wa shangazi yangu, Kulwa na Doto, walikuwa wadogo, ndio walikuwa mbele kabisa. Majirani nao walikuja. Bibi anaweka kidole kwenye picha, anaanza kuwasemesha wale watu, Kiswahili chake kimechanganyika na Kisukuma.

Aisee, mwanangu, ungemsikia! Polisi anamfukuza mwizi mwenye mkoba, bastola mkononi. Bibi anasema, "Huyu anamwita mwenzake, wee, rudi, umesahau nauli!" Bosi mnene anagonga meza. "Huyu anauliza nani amemaliza mchuzi." Kijana wa bugaluu amempigia magoti binti. "Ameangusha sindano, anatafuta." Na kila palipokuwa na mwanamke anayelia, na katuni zile zilijaa wanawake wa kulia, Bibi alisema bila hata kutabasamu, "Huyu anakata vitunguu." Hapo pacha wanagaagaa chini kwa kicheko. Walikuwa wanangoja vitunguu tu.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na elimu yangu. Miaka yote nilicheka na wenzangu. Mwaka ule nikaona aibu, sijui kwa nini, labda kwa sababu majirani walikuwepo na nilitaka wajue nasoma wapi. Bibi akafika kwenye picha ya yule polisi, akasema umesahau nauli, nami nikanyoosha mkono nikasema kwa sauti ya darasani, "Bibi, haijaandikwa hivyo. Hapa imeandikwa, simama au nitafyatua."

Kicheko kikakatika. Bibi akalitazama gazeti, akanitazama mimi.

"Imeandikwa hivyo?"

"Ndiyo, Bibi. Na yule wa chini halii kwa vitunguu. Ameachwa na mchumba."

"Kumbe," akasema. Akalifunga gazeti taratibu, akaliweka mapajani kwangu. "Basi soma wewe, mwalimu. Mimi nilikuwa nawadanganya watoto." Akainuka kwenda kuangalia kuku.

Nikasoma. Nilisoma vizuri, nukta na mkato, kama nilivyofundishwa. Kabla sijamaliza ukurasa Doto akauliza, "Wale waliosahau nauli wako wapi?" Nikamwambia hawamo. Wakaondoka mmoja mmoja, wakaenda kuchungulia video kwenye matundu ya kile kibanda, na majirani wakakumbuka kazi zao. Nikabaki na gazeti.

Kesho yake Bibi hakuja kukaa barazani. Keshokutwa vilevile. Sanduku likarudi uvunguni. Nikamfuata jikoni nikamwomba radhi, naye akanishika kichwa kwa upole, "Hujakosa, mjukuu wangu. Kilichoandikwa kimeandikwa." Mwanangu, heri angenichapa.

Aliyenichapa, kwa maneno, alikuwa shangazi yangu Nyamizi. Alikuwa anaparua magamba ya sato nyuma ya nyumba, nami nimekaa nimenuna nasubiri kuhurumiwa. Hakunihurumia.

"Kabula," akaniita, "ulimsahihisha mama kwa sababu alikosea, au kwa sababu wewe unajua kusoma?"

Nikaanza kuokota magamba chini.

"Yale magazeti ni ya Shija. Mwaka mzima mama hatamki jina la mwanawe. Akiyashika yale, akicheka na ninyi, ndiyo siku mbili tatu anazokuwa naye. Wewe umekuja na simama nitafyatua yako, umemfyatua kweli." Akarusha samaki kwenye beseni. "Usilie hapa, utanitia chumvi kwenye kitoweo."

Nililia hata hivyo. Halafu nikafikiri. Kumwambia Bibi asome tena kama zamani haikuwezekana, maana sasa kila akitazama picha alijua pale juu kuna maneno, na maneno yanamkataa. Nikalitoa sanduku uvunguni. Nikachagua lile gazeti alilolipenda zaidi, la kijana wa bugaluu. Nikakoroga gundi ya unga wa muhogo, nikakata vipande vya karatasi nyeupe kwa wembe, nikaanza kubandika, kiputo kimoja baada ya kingine, vile vya mviringo vinavyotoka midomoni mwa watu na maneno yao. Nikaziba vyote. Shangazi Nyamizi aliponikuta akashika kiuno, "Mungu wangu! Umechanganyikiwa? Magazeti ya Shija!" Lakini nilikuwa nimeshafika katikati, na gundi ya muhogo hairudi nyuma.

Siku ya Krismasi tukatoka kanisani, tukala, jua likawa kali. Bibi alikuwa amekaa barazani mikono mitupu. Baba alikuwepo, Shangazi, pacha, majirani wawili watatu. Nikapiga goti nikampa gazeti kwa mikono miwili. Lilikuwa limevimba kwa gundi. Nilijua kama nimekosea tena, basi nimemwondolea na hicho kidogo cha mwanawe kilichobaki.

Akafungua. Akapapasa zile karatasi nyeupe kwa kidole gumba, ukurasa wa kwanza, wa pili.

"Maneno yameenda wapi?"

"Nimeyafunika, Bibi."

"Yalikuwa na matusi?"

"Hapana. Yalikuwa yanakuziba mdomo."

Akafunua ukurasa wa tatu. Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Haya! Kulwa, Doto, njooni! Huyu mtoto amewafanya watu bubu siku ya Krismasi. Njooni tuwasemeshe."

Tukasogea sote. Nauli ikasahauliwa, mchuzi ukaisha, sindano ikaanguka, na mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma. Tukafika kwenye picha ya mwanamke dirishani, machozi yanamtiririka. Pacha wakaanza wenyewe, "Anakata vitu..."

"Hapana," Bibi akasema. "Huyu leo hakati vitunguu."

Kidole chake kilikuwa juu ya karatasi nyeupe.

"Huyu mwanawe yuko Dar es Salaam. Kazi imekwisha, anaona haya kurudi nyumbani mikono mitupu. Na mama yake anasema, Shija, mwanangu, mimi sikukutuma uniletee kitu. Njoo na hiyo mikono mitupu, niishike." Akafunua ukurasa. "Na huyu mnene, tazameni, bado anatafuta mchuzi wake."

Watoto wakacheka. Baba hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni, akageuka kuingia ndani, na Shangazi Nyamizi akajifuta uso kwa ncha ya khanga. Miaka yote ile hatukuwa tumemsikia Bibi akilitamka hilo jina.

Sikukuu zilipokwisha, Baba hakurudi kazini moja kwa moja. Alipanda treni kwenda Dar kumtafuta mdogo wake. Alimkuta sokoni anauza mitumba, amekonda, akamwambia maneno yale ya barazani, yote kama yalivyosemwa. Kabla ya Pasaka Baba Mdogo Shija akashuka kwenye kivuko pale Kamanga, viatu vya kawaida, kijimfuko kimoja begani. Mimi nilikuwa nimekuja likizo fupi, nilishuhudia kwa macho yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Bibi alimshika mikono yote miwili, akaishika kwa muda mrefu, akaigeuza kama anayetafuta kidonda. Kisha akaingia ndani akatoka na gazeti. Baba Mdogo akalipokea, akafunua, akaona zile karatasi nyeupe kila mahali. Nikajificha nyuma ya nguzo.

"Mama, nani ameharibu gazeti langu?"

Bibi alikuwa ameshanyoosha miguu kwenye ngozi. "Kaa chini nikusomee," akasema.

Akakaa, mwanaume mzima na ndevu zake, akaegemea bega la mama yake. Bibi akamsomea tangu mwanzo, nauli, mchuzi, sindano. Walipofika kwenye mwanamke wa dirishani, Baba Mdogo aliinamisha kichwa, maana Baba alishamweleza. Bibi akaweka kidole palepale.

"Huyu," akasema, "anakata vitunguu."

Ndiyo hivyo, mwanangu. Umeuliza nani aliyeliharibu, ni mimi. Bibi alinipa mwenyewe kabla hajafariki, na mpaka leo sijaling'oa hata kipande kimoja. Najua ukimwonyesha mnunuzi atalikataa.

Ninachokuambia ni hiki. Penda vya zamani, tena vipende sana, vitakufurahisha siku za mapumziko kama vinavyonifurahisha mimi. Lakini usivipende ukawasahau watu waliovishika kabla yako na wanaotaka kuvishika leo. Gazeti likichanika, tutalibandika kwa muhogo. Mtu mzima akikusimulia jambo kwa namna yake, huku amefurahi, usikimbilie kumsahihisha. Msikilize kwanza, huenda kuna kitu anakitafutia mlango. Na kama umeshamfunga mtu mdomo, usitosheke na samahani. Tafuta namna ya kumrudishia nafasi yake, hata ikikugharimu kile unachokithamini. Na ukiwa mbali na mambo yamekuharibikia, wewe rudi nyumbani. Mikono mitupu tunaijua, tumewahi kuipokea.

Sasa yatoe hayo magazeti kwenye plastiki. Wadogo zako wako pale mlangoni tangu nianze kusema, wanajifanya wanafunga viatu. Pita kwanza nyumba ya pili, umwite Bi Mkubwa, umwambie unataka kujua yule mpelelezi alifikia wapi.

Mungu akupe maisha marefu na watu wa kucheka nao. Akupe baraza isiyokosa mtu. Na siku utakapolia, mwanangu, viwe vitunguu tu.